Kwenda kuwatazama mayatima na wajane: mambo ya kujua kabla ya kutembelea kituo



Makanisa yetu ya Uvira na ya pwani ya kaskazini ya Tanganyika yana desturi moja nzuri. Noeli au Pasaka inapokaribia, kwaya, wamama na vijana wanachanga. Wananunua mchele, maharagwe, sabuni na nguo, halafu siku ya Jumamosi wanakwenda kwenye kituo cha mayatima. Huko wanaimba, wanaomba, wanagawa vitu, wanapiga picha na kurudi nyumbani wakimshukuru Mungu. Desturi hii inatoka katika moyo wa upendo, na hakuna anayetaka ife.

Hata hivyo kuna swali ambalo kila kundi linapaswa kujiuliza: baada ya sisi kuondoka, mtoto yule amesogea karibu na familia yake au amezidi kuwa mbali nayo? Ziara inaweza kumsaidia mtoto arudi kulelewa na shangazi au bibi yake. Ziara inaweza pia, bila sisi kujua, kusaidia kumweka mbali nao kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, na jinsi ya kutembelea kwa namna inayojenga.

Neno "kutazama" lina uzito

Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi mbele za Mungu ni pamoja na kwenda kuwatazama mayatima na wajane. Katika Kigiriki, kitenzi kilichotumika hapo hakina maana ya kwenda kusalimia tu. Ni kukagua hali ya mtu, kumwangalia na kushughulika naye. Kinatoka katika shina moja na neno lililotupatia cheo cha askofu, yaani mwangalizi.

Tukifuata kitenzi hicho katika Agano Jipya tunakikuta mahali pengi. Zakaria anakitumia katika Luka 1:68, anapomsifu Mungu kwa kuwajia watu wake na kuwakomboa. Katika Mathayo 25 kinahusu mgonjwa aliyetembelewa. Katika Matendo 15:36 Paulo anamwambia Barnaba warudi katika kila mji walikohubiri, wajue hali ya ndugu. Na katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume walitumia kitenzi hicho hicho kuwaambia ndugu watafute kati yao watu saba wa kuaminika. Mitume hawakuwaletea wajane zawadi ya siku moja. Waliweka utaratibu ili mjane asisahauliwe tena.

Kwa hiyo kutazama kwa namna ya Biblia kunahusu kujua, kufuatilia na kurudi.

Kwa nini familia nyingi hapa zimechoka

Kabla ya kusema lolote juu ya vituo, tukumbuke nini kinachowafikisha watoto huko. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilijaza mto Mulongwe na mito mingine inayoshuka kutoka milimani. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Tangu mwaka huo ziwa lenyewe limepanda mara kadhaa, na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba za kandokando. Kipindupindu kinarudi Uvira mwaka hata mwaka, kwa sababu familia nyingi bado zinachota maji ziwani na mitoni. Huko Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kushika moto. Zaidi ya watu 230 walikufa, na nyumba nyingi zikabaki na pengo.

Juu ya hayo kuna vita. Tangu mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi wamepokelewa Lusenda, katika territoire ya Fizi. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, watu wengi walishuka kwa barabara ya uwanda wa Ruzizi kuja Uvira, na wengine wakavuka mto kwenda Burundi. Desemba mwaka huo vita vikafika Uvira yenyewe, na maelfu wakakimbilia ng'ambo. Katika kukimbia namna hiyo, mtoto anaweza kushika njia moja na mama yake akashika nyingine.

Angalieni jambo moja katika habari hizi zote. Wengi wa watoto wanaopatwa na mambo haya hawajafiwa na jamaa wote. Wana mama asiye na mtaji, baba aliyepotelea njiani, bibi mwenye nguvu ndogo, au mjomba ambaye bado hajapatikana. Hata duniani kwa jumla, watoto wengi wanaoishi katika vituo vya mayatima wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowafikisha pale mara nyingi ni umaskini, ugonjwa, vita au kutengana. Dawa ya umaskini wa mama haiwezi kuwa kumwondolea mtoto wake.

Si kila kazi ya huruma ni kituo cha kulala

Tunaposema "kituo", wengi tunafikiria nyumba yenye vitanda. Lakini mashirika ya hapa kwetu yanafanya kazi za aina nyingi, na kila moja ina mahitaji yake.

Kuna vituo vya muda, ambako mtoto aliyetenganishwa na jamaa au aliyetoka katika kundi la silaha anakaa kwa kipindi kifupi huku jamaa zake wakitafutwa. Shirika la BVES la Bukavu limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika Kivu ya Kusini. Mwanzilishi wake, Murhabazi Namegabe, alipewa tuzo ya kimataifa ya World's Children's Prize mwaka 2011.

Kuna familia za mapokezi: mume na mke wa kawaida, mara nyingi washirika wa kanisa, wanaokubali kumlea mtoto nyumbani kwao hadi wake wapatikane. Kuna Msalaba Mwekundu, unaoandika majina ya watoto na wazazi waliopotezana na kuwatafuta pande zote mbili za mpaka. Kuna vituo vya afya vinavyotibu utapiamlo. Kuna warsha zinazofundisha wasichana ushonaji na wavulana useremala. Kuna vikundi vya wajane vinavyoweka akiba na kukopeshana mtaji wa kuuza ndagala, mafuta ya mawese au muhogo. Na kuna huduma za makanisa, Caritas kwa Wakatoliki na idara za diakonia katika jumuiya za ECC.

Kazi nyingi kati ya hizo hazina mlango wa kupokea wageni wala watoto wa kuimba mbele yao. Kwa sababu hiyo hazitembelewi. Kituo chenye vitanda 40 kinapata mchele wa Noeli kutoka makanisa matano, na kikundi cha wajane wanaowalea watoto 40 nyumbani hakipati kitu. Bila mtu kukusudia, tumeifundisha jamii kwamba mtoto atasaidiwa akipelekwa kituoni, na akibaki kwa bibi yake hatasaidiwa.

Sheria na uzoefu vinasema nini

Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamtambua kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18. Inampa haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao inapowezekana. Pia inaweka mahakama ya watoto. Kumweka mtoto katika familia nyingine au kituo kunapaswa kupita kwa mwamuzi wa watoto na huduma za kijamii za serikali, ambazo hapa tunazijua kwa jina la DIVAS. Mchungaji au mkurugenzi wa kituo hawezi kujiamulia peke yake.

Mwaka huo huo wa 2009, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipokea miongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi. Fundisho lake kuu ni kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia, na kwamba kituo kiwe njia ya mwisho na ya muda.

Jirani zetu wa Rwanda walijaribu njia hii kwa vitendo. Mwaka 2012 serikali yao ilikubali mpango wa kuwatoa watoto katika vituo. Kuanzia 2013 kazi hiyo iliendeshwa kwa jina la Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia. Watoto wengi walirudishwa kwa jamaa au kupokelewa na familia nyingine.

Mbali zaidi, huko Bucharest nchini Romania, watafiti walianza mwaka 2000 kufuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo. Nusu yao walipelekwa katika familia za malezi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi katika akili na katika uwezo wa kushikamana na watu, hasa wale waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka 2. Mtoto mchanga anahitaji maziwa, lakini anahitaji pia uso mmoja unaorudi kila asubuhi.

Haya hayasemi kwamba vituo vyote ni vibaya. Wapo watoto wasio na jamaa kabisa, na wapo walioumizwa na jamaa zao. Wapo pia watumishi wanaolala na watoto hao bila mshahara, na Mungu anawaona. Kituo kizuri kinamlinda mtoto leo huku kikimtafutia familia ya kesho.

Maswali ya kuuliza kabla ya kwenda

Kundi likipanga ziara, litume kwanza watu wawili au watatu: shemasi, mama mmoja anayeheshimika, na mtu anayejua kuandika hesabu. Waongee na wasimamizi kwa heshima, bila sauti ya polisi. Maswali haya yanatosha.

Je, kituo kinajulikana na DIVAS na shefu wa kartye? Kila mtoto ana karatasi yake inayoonyesha alikotoka, aliyemleta na majina ya jamaa zake? Ni nani anayewatafuta jamaa hao? Mwaka uliopita ni watoto wangapi walirudi nyumbani? Wanasoma shule gani, na wanapata matibabu wapi? Watu wangapi wanalala na watoto usiku? Mtoto akionewa na mkubwa, anaweza kumwambia nani? Na mwisho: kitu gani kinakosekana kweli, ambacho wageni huwa hawaleti?

Swali hilo la mwisho linafungua mambo mengi. Mara nyingi jibu si mchele. Ni nauli ya mfanyakazi wa kumfuata shangazi aliyeko Baraka, malipo ya hospitali, bati la choo, au daftari na sare za shule. Elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini mtoto asiye na daftari wala sare bado anaweza kukaa nyumbani.

Kituo kikikosa karatasi, msihukumu haraka. Watu waliokimbia risasi usiku hawabebi makabati. Lakini kituo kisichotaka hata kuzungumza juu ya jamaa za watoto kinahitaji maombi na pia uangalizi.

Siku ya ziara

Nendeni wachache. Watu sita wanaweza kukaa, kusikiliza na kusaidia kupika. Watu sitini wanageuza watoto kuwa maonyesho.

Msiwaombe watoto wasimulie jinsi wazazi wao walivyokufa. Kidonda hicho kinafunguliwa mbele ya wageni, halafu wageni wanaondoka. Msiwapange mstari wa kupokea zawadi wakipiga makofi. Zawadi ikabidhiwe kwa wasimamizi, iandikwe katika daftari na kutiwa sahihi na pande mbili.

Picha za nyuso za watoto zisitumwe katika simu wala mitandao. Mtoto aliyetoka katika kundi la silaha, au msichana aliyebakwa, anaweza kutafutwa na watu wabaya kwa picha moja tu. Kama kanisa linahitaji ushuhuda wa ziara, pigeni picha ya magunia, ya choo kipya au ya mikono inayopepeta mchele.

Mgeni asiachwe peke yake na mtoto chumbani, wala asitoke naye nje ya kituo, hata akiwa mchungaji. Kanuni hii inawalinda wote wawili. Na msitoe ahadi msizoweza kutimiza, maana watoto hawa wanahesabu siku.

Juu ya zawadi, fikirini afya pia. Sabuni, ndoo zenye kifuniko na dawa ya kutibu maji zinaokoa uhai pwani hii ya kipindupindu. Lakini maziwa ya unga kwa watoto wachanga msiyapeleke bila kumuuliza muuguzi, kwa sababu yakichanganywa na maji machafu yanaleta kuhara. Mkiona mtoto mwenye miguu iliyovimba, au aliyekonda sana, mshaurini msimamizi ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko wanapima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa.

Mkikuta dalili za kuonewa kimwili, msifanye mkutano hapo hapo. Mhakikishieni mtoto usalama, mwarifuni kiongozi wa kanisa, na mfike kwa DIVAS au kwa polisi wanaoshughulikia watoto na wanawake. Kama ni ubakaji, hospitali ni ya kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa za kinga zinafaa tu ndani ya saa 72. Kulinyamazisha jambo ili jina la kituo au la kanisa lisichafuke ni kumwacha mtoto na mnyama.

Baada ya kurudi

Kazi kubwa inaanza Jumatatu. Anzeni na watu walio katika benchi zenu. Kanisa lenye daftari la ubatizo na la sadaka linaweza pia kuwa na daftari la nyumba zinazolea watoto wasio wao. Mashemasi wapite Kavimvira, Kilomoni, Kasenga, Kalundu, popote washirika wanapokaa, waandike: bibi huyu ana wajukuu wanne, mjane huyu amepokea watoto wa ndugu yake. Sehemu ya mchango wa Noeli iende kwao, na iende kila mwezi hata kama ni kidogo. Mtaji mdogo wa biashara, ukifuatiliwa vizuri, unaweza kumzuia mama asimpeleke mtoto kituoni.

Saidieni pia kuandikisha watoto. Kuandikisha mtoto aliyezaliwa ni bure ndani ya siku 90 katika ofisi ya serikali. Mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa anapopotea njiani, ni vigumu zaidi kuthibitisha wake ni nani. Kuandamana na mama mkimbizi hadi ofisini ni ziara ya kweli, ingawa haina wimbo.

Mkimkuta mtoto aliyepotezana na wake, msimchukue tu na kumpa jina jipya kwa sababu mnampenda. Mpeni chakula na mahali pa kulala, kisha mwarifuni shefu wa kartye, DIVAS na Msalaba Mwekundu. Huenda mama yake anamlilia Bujumbura au Lusenda.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi wahubiri. Watoto wengine wanafika barabarani kwa sababu waliitwa wachawi, na wakati mwingine neno hilo lilitamkwa ndani ya nyumba ya maombi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya 2009 inaadhibu kosa hilo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Kanisa haliwezi kupeleka mchele kituoni mwezi wa Desemba kwa mtoto ambaye lenyewe lilimfukuzisha nyumbani mwezi wa Juni. Mtoto anayekojoa kitandani, anayeota ndoto mbaya au aliyefiwa na wazazi wawili mfululizo anahitaji faraja na daktari. Mzee wa kanisa akisikia neno hilo likitajwa juu ya mtoto, alizime siku hiyo hiyo.

Urithi wetu unatuelekeza hivi

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ikawa mbegu ya 8e CEPAC. Injili ile ilitembea pamoja na shule na zahanati. Huko juu Lemera ilizaa hospitali, ambayo ilishambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Daktari aliyekuwa akiiongoza, Denis Mukwege, alianza tena huko Panzi, Bukavu, ambako hospitali ilifunguliwa mwaka 1999. Waliobomolewa walirudi kujenga, na huo ndio mfano tulioachiwa.

Basi mwaka huu, kabla ya kupakia magunia, mashemasi wakae na kuamua mambo matatu: nani atakwenda kuuliza, nyumba zipi za washirika wetu zitatazamwa kwanza, na tarehe gani tutarudi. Tarehe hiyo iandikwe katika kalenda ya kanisa kama tunavyoandika ubatizo na harusi. Mtoto akijua kwamba watu wa Mungu watarudi siku fulani, na kweli wakarudi, ameanza kuelewa tunamaanisha nini tunapomwambia kwamba Mungu hamsahau.

Bwana awabariki, na awape nguvu wote wanaolala na watoto wa wengine kama wao.